Viti vya Nyuma ya Nyumba

Odette alikaa kwenye kiti cha kwanza, mgongo wima, kisha akasimama.

"Hiki kinauma mgongo. Mzee wa miaka sabini atakaa hapa masaa mawili?"

"Maman, haujaegemea," akajibu Buhendwa, seremala. "Unakaa sawa muntu anangojea bisi. Egemea."

Odette aliegemea. Kiti kilikuwa kizuri: kikalio kipana kilichoinama kidogo kwa nyuma, mikono mipana ya kuwekea kikombe. Hakukisifu. Alipapasa chini ya kikalio kutafuta misumari, hakuikuta.

Karakana ilikuwa Kamembe, na maranda yalifika kwenye vifundo vya miguu. Gaju, binti wa Odette, alisimama mbele ya kiti kingine, kizito, cheusi, kinachong'aa.

"Hii ni libuyu?"

"Libuyu yenyewe, mademoiselle. Ya musitu ya Congo. Bajukuu bako batairithi."

"Basi hapana. Cyusa anachunga msitu wa Nyungwe, ndiyo kazi inayomlisha. Siku wazee wake wanakuja, niwakalishe juu ya mti wa msitu?"

Buhendwa alicheka mpaka akashika meza. "Leo nimeona! Zamani tulikuwa tunauliza ukoo ya bibi-arusi. Sasa tunauliza ukoo ya kiti!"

"Basi na mimi nauliza," Odette akamwambia. "Hiki cha kwanza ni mti gani?"

"Gereveliya. Ya bakulima ba Mururu, kando ya mashamba. Banakata moja, banapanda mbili. Na sikupaka vanishi, nilipaka nta ya nyuki. Vanishi inanuka wiki nzima, na mvua ya hapa inaibandua."

Odette alimtazama binti yake. Gaju akaitikia kwa kichwa. Jumamosi watu wanne wa ukoo wa Cyusa, mchumba wa Gaju, wangetoka Nkanka kuja kuomba irembo, yaani kuomba rasmi wafunguliwe mlango wa nyumba ya msichana. Bila irembo hakuna mazungumzo ya mahari, na bila mahari hakuna harusi. Gaju alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Viti vya plastiki vya kukodi, vyenye jina la mkodishaji mgongoni, mama yake hakutaka kuviona.

"Tunataka saba," Odette akasema. "Vinne vya wageni, vitatu vyetu."

"Saba?" Buhendwa alitoa penseli nyuma ya sikio. "Na ya Papa Valens? Ile yake nitaiinua kidogo, na mikono iwe na nguvu. Muntu ya kiharusi hawezi kuinuka kwa kiti ya chini. Nilishamupima na macho kanisani."

"Saba."

"Maman, Papa Valens njo alinisemea mimi wakati naoa. Sikukuwa na ata viatu, nilivaa vya jirani. Alisema maneno pale mpaka baba-mukwe akafuta machozi ya kicheko. Kama si yeye, bibi yangu…"

"Najua. Alimsemea kila mtu. Andika saba."

Buhendwa aliandika saba. Gaju alikuwa ameinama akichambua maranda yaliyonasa kwenye sketi yake, na alichukua muda mrefu kuyamaliza.

Nyumba yao ilikaa ubavuni mwa kilima, mgongo umegeukia ziwa. Mbele palikuwa barabara na vumbi la malori ya mpakani, hapana nafasi hata ya kuanika mswaki. Zamani wageni walikaa sebuleni. Tangu Valens, mumewe Odette, alipoanguka, mwezi wa tatu mwaka juzi, sebule ilikuwa chumba chake, kwa sababu kitanda hakikuweza kupita kwenye kikorido. Palikuwa na ndoo, beseni, godoro lililovikwa nailoni, na harufu ambayo Odette aliipiga vita kila asubuhi kwa sabuni na siki, na kila jioni ilirudi.

Valens Munyemana alikuwa wakala wa forodha. Lakini watu hawakumjua kwa hilo. Walimjua kwa mdomo wake. Kutoka Kamembe mpaka Mururu, ukiwa na mtoto wa kuozesha, ulimtafuta Valens akusemee. Alijua wakati wa kumtania mgeni, wakati wa kujifanya amekasirika, wakati wa kulainika. Kiharusi kilichukua upande wa kulia na maneno yote. Kilimwachia mawili, "ile" na "basi", na sala. Sala zilibaki nzima. Alisema Baba Yetu kanisani bila kukwama, watu wakageuka kumwangalia, na baada ya misa hakuweza kuomba maji.

Odette hakuwa mke mbaya. Alimgeuza mara tatu kila usiku ili ngozi isichubuke. Lakini mwezi wa nane walikuwa wamempeleka kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani, na Valens akajikojolea kwenye kochi la wenyewe. Msichana wa nyumba akaja na kitambaa. Mtu mmoja akaongeza muziki. Valens akalia kwa sauti, mdomo umepinda, mbele ya watu aliowasimamishia harusi zao. Kesho yake jirani alianika mito ya kochi juu ya ua, upande wa barabara. Ilikaa pale siku tatu. Mito haihitaji siku tatu kukauka.

Hapo ndipo Odette alipoapa kwamba hakuna mtu atakayemwona tena mumewe hivyo. Hakumuuliza mumewe.

Viti vilifika Ijumaa mchana. Odette na Gaju walivipanga nyuma ya nyumba, vinne vikitazamana na vitatu, ziwa likionekana chini kati ya mapaa ya mabati. Mirindi, kaka yake Odette, alikuwa amevuka asubuhi kutoka Bukavu, tai ameikunja mfukoni isikunjamane na pikipiki. Yeye ndiye angesema. Ndugu pekee wa Valens alikuwa Msumbiji na simu yake haikupatikana. Mirindi alikaa kwenye kiti cha katikati, akakunja mguu.

"Eh, dada! Hapa muntu anaweza kulala na kuota."

"Usilale. Soma karatasi yako."

Dirisha la sebule lilitazama uwanja huo. Valens alikuwa ameegemezwa kwenye mito, akiangalia. Alitazama viti vinne, akatazama vitatu, akatazama shemeji yake aliyekaa katikati. Akaanza kugonga kioo kwa mkono wa kushoto.

"Ile! Ile, ile!"

Odette akaingia. "Papa Gaju, tulishaongea."

"Ile." Alionyesha safu ya viti vitatu. Alionyesha nafasi kando ya Mirindi. "Ile. Basi. Ile!"

"Hapana. Hautatoka. Unataka yale ya ubatizo yarudi, siku ya mtoto wako?"

Mirindi akasukuma kioo cha dirisha, akachungulia akitabasamu. "Shemeji, lala tu. Kazi ya mudomo niachie mimi. Wewe ulikula zamu yako, sasa acha na sisi tukule."

Valens alitikisa kichwa mpaka mate yakamtoka. Odette akayafuta kwa upole, akidhani mumewe anaomba kutolewa nje. Hakuwa anaomba hilo. Alikuwa amesimama katika nyua zaidi ya thelathini na alijua kitu ambacho mke wake na shemeji yake, watu waliokulia ng'ambo, Bukavu, hawakukijua. Wazee wa kule Nkanka husoma viti kabla ya kusikiliza maneno. Baba akiwa mgonjwa au safarini, kiti chake huwekwa, na koti lake hutundikwa juu yake. Safu isiyo na kiti cha baba, na kaka wa mama amekaa katikati, ina maana moja tu: baba alishazikwa.

Koti lake lilining'inia kwenye msumari juu ya kitanda. Alilivuta kwa mkono wa kushoto mpaka likaanguka. Akalisukuma dirishani, mkono mmoja wa koti, halafu wa pili, mpaka likadondoka nje, kwenye majani karibu na viti.

"Papa, jamani," Gaju akasema. Aliliokota, akalikung'uta, akalikunja vizuri na kuliweka ndani ya kabati la sebuleni.

Valens aliangalia mlango wa kabati ukifungwa. Hakugonga tena.

Wageni walifika Jumamosi saa nane, wanaume watatu na mwanamke mmoja, wakiongozwa na Hategekimana, baba mdogo wa Cyusa, mzee mrefu aliyevaa kofia ya kahawia. Cyusa mwenyewe hakuja, kama inavyotakiwa. Gaju pia hakutakiwa kuonekana. Alikaa sebuleni kando ya kitanda, pazia limefungwa, ameshika mkono wa baba yake ulio hai.

Viti vilipendwa. Yule mwanamke alipapasa mkono wa kiti chake. "Ni gereveliya hii? Imekaa vizuri. Ata mugongo wangu umenyamaza."

"Ya Mururu," Odette akasema. "Hatukutaka mti wa msitu."

"Cyusa atafurahi," mwanamke akasema, na wote wakacheka. Odette alihisi mabega yake yakishuka kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Hategekimana hakuwa amecheka. Alikuwa akiangalia upande wa wenyeji: Mirindi katikati na tai yake, kulia Odette, kushoto mama wa ubatizo wa Gaju. Aliangalia mara mbili. Mirindi aliposimama na karatasi yake, mzee aliinua kiganja kumzuia, taratibu, bila ukali. Akavua kofia.

"Mutusamehe. Tulikuja mbio mbio na furaha yetu, hatukuuliza. Maman, ni lini?"

Odette alielewa. Hili lisemwe wazi, kwa sababu baadaye alijaribu kumwambia Gaju kwamba hakuelewa. Aliiona kofia mikononi mwa mzee, akaona nyuso za wale watatu zikilainika, na akajua wanauliza nini. Maneno ya kurekebisha yalikuwa mafupi: yupo, ni mgonjwa, yuko ndani. Lakini baada ya hayo wangeomba kumsalimia. Wangeingia sebuleni. Asubuhi alikuwa amefua shuka mbili, na saa sita ya tatu.

"Mwezi wa tatu," akasema.

Mirindi aligeuka kumtazama dada yake, mdomo wazi. Dada yake hakumtazama. Mirindi akaufunga mdomo.

"Mwihangane, poleni na msiba," Hategekimana akasema. "Mwihangane sana. Mbele ya kuomba irembo ya nyumba, tumuombee mwenye nyumba."

Wakasimama wote. Viti vipya havikulia hata kidogo. Mzee akafanya ishara ya msalaba na kuanza kusali kwa sauti nzito, pole pole. Alimshukuru Mungu kwa maisha ya baba wa nyumba hii. Aliomba asamehewe pale alipokosa. Aliomba apewe nafasi mahali pasipo maumivu.

Ndani, Gaju alikuwa amesimama. Kutoka kitandani mpaka mlango wa nyuma ni hatua tano. Alipiga tatu. Akafikiria mito ya kochi juu ya ua. Akafikiria Cyusa. Akajiambia kwamba akitoka sasa mama yake atakuwa mwongo mbele ya wageni, na yote yatakuwa yamekwisha. Sababu zote zilikuwa za kweli, na alibaki amesimama katikati ya sebule nazo.

"Amina," wageni wakasema nje.

"Amina," akasema Valens kitandani.

Alisema vizuri, kwa ile sauti yake ya zamani iliyokuwa ikifika mpaka mwisho wa uwanja bila kipaza sauti. Gaju akageuka. Baba yake alikuwa amefumba macho, na mkono wa kushoto ulikuwa kifuani, ukimalizia msalaba.

Nje, Hategekimana aliangalia pazia. "Kuna muntu ndani?"

"Muzee mmoja wa familia," Odette akasema. "Tunamtunza."

"Mungu atabalipa," akasema yule mwanamke.

Irembo liliombwa, Mirindi akalitoa, na karatasi yake hakuitazama. Saa kumi na moja wageni waliondoka, wakavisifu tena viti. Odette alibeba vikombe ndani. Alipofika kwa mumewe na uji, Valens alikaza midomo.

"Papa Gaju, ilikuwa njia ya kupita tu. Wataoana, halafu tutaeleza. Unanisikia?"

Alimsikia. Uji ulipoa.

Jumapili mchana Cyusa alipiga simu. Gaju alitoka nyuma ya nyumba kuzungumza, na Odette alimwona dirishani akitembea kati ya viti, kisha akisimama, kisha akichuchumaa chini. Alirudi ndani na simu mkononi.

"Alikuwa anajua Papa ni mgonjwa," akasema. "Nilimwambia tangu mwanzo. Jana wamerudi wakampa pole ya msiba."

"Umemwambia nini?"

"Ningemwambia nini, Maman? Aliniuliza kama Papa amekufa tangu mwezi wa tatu na mimi nikamficha. Alikuwa analia, nikamwambia kweli."

Odette alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Nilikuwa nakulinda."

"Na mimi nilikuwa ndani," Gaju akasema. "Sikutoka. Usiseme ni wewe peke yako."

Hategekimana alirudi Jumatatu, peke yake, kwa miguu kutoka kituo cha basi. Odette alimvutia kiti. Mzee akakataa kwa mkono.

"Sikai. Nionyeshe yeye."

Akamwingiza sebuleni. Ile harufu ilikuwepo, ndoo ilikuwepo, hakuna kilichofichwa. Mzee alisimama mbele ya kitanda na hakukunja pua. Alivua kofia, akainama mpaka uso wake ukalingana na wa Valens.

"Muzee Valens, ni mimi nilikuombea sawa maiti. Unisamehe. Sikujua."

Valens alimtazama.

"Ningemuona hapa, Maman," mzee akasema bila kugeuka, "ningevuta kiti changu nikae karibu yake, na mambo yangeendelea. Kiharusi iko kwa kila ukoo. Baba yangu tulimulisha na kijiko miaka sita. Ugonjwa hauna haya. Lakini kwetu hatuchukui bibi kwenye nyumba yenye inazika muntu muzima. Na mulitufanya tushike jembe pamoja nanyi."

Odette alikuwa ameegemea ukuta. "Kosa ni langu. Si la mtoto."

"Najua. Na kijana wetu tangu jana hajakula. Njo maana bazee banasema: rudi, muulize mwenyewe. Akifungua yeye, ile ya Jumamosi haikukuwa. Tunaanza mupya." Alivuta pumzi. "Sitafuti maneno. Ata kichwa kinanitosha. Ata jicho."

Gaju akapiga magoti kando ya kitanda, akaushika mkono wa kushoto. Mzee akasimama wima, akaweka kofia kifuani, akaomba irembo upya, yote, kwa utaratibu wake, kama kwamba uwanja umejaa watu: tumetoka mbali, tumeona nyumba yenye heshima, tunagonga, mwenye nyumba atufungulie.

Valens alilijua jibu. Alilijua kuliko mtu yeyote aliyekuwa hai kati ya Kamembe na Mururu. Kichwa kilikuwa kinaweza. Ijumaa kilitikisika mpaka mate yakatoka. Lakini Jumamosi alikuwa amelala hapa na kusikia watu saba wakisimama kwa heshima yake, na mke wake akitaja mwezi, na binti yake akisimama hatua tatu kutoka kitandani bila kwenda mbele. Alikuwa amesikia sala ikimalizika, na alikuwa ameikubali. Hakuwa na hasira nao. Alikuwa amepumzika. Kurudi sasa, ili aombwe, ili ageuzwe usiku, ili mito ianikwe, kulihitaji nguvu ambayo hakuitafuta.

Alifumba macho.

"Papa," Gaju akasema. "Papa, kichwa tu. Nisamehe. Kichwa tu, mara moja."

"Valens," Odette akasema. Ilikuwa miaka mingi hajamwita kwa jina. "Valens, fungua macho. Nipige mimi. Mfungulie mtoto."

Kifua kilipanda na kushuka, taratibu, kwa mpango. Mkono aliokuwa ameushika Gaju haukumbana na haukujitoa. Hategekimana alingoja. Aliliuliza swali mara ya pili, kwa sauti ya chini zaidi, na akangoja tena, muda ambao mtu huwapa wenye nyumba wanaotafuta ufunguo. Kisha akavaa kofia.

"Nimegonga, mulango haukufunguka," akasema. "Gaju, mwanangu, ningependa uwe wetu. Nitamwambia Cyusa hivyo."

Odette alimsindikiza, kwa kuwa mgeni husindikizwa hata akiwa amekuja kukuvunja. Walipanda njia ya mawe mpaka barabarani, yeye nyuma, mzee mbele. Malori yalikuwa yamepanga foleni kuelekea mpakani, na madereva walikuwa wamekaa kivulini chini yake wakicheza karata. Mzee alinyoosha mkono, akamuaga kama anavyoagwa mfiwa, mikono yote miwili.

"Rudi, Maman. Usimuache mutoto peke yake na yeye."

Odette aliitikia. Basi la Nkanka likaja, likamchukua, likaondoka, na yeye alikuwa bado amesimama pale pale kando ya barabara, bila kitenge mabegani, mpaka dereva mmoja akainua kichwa kutoka kwenye karata zake na kumuuliza kama anangoja mtu.